Maswali ya Wasomaji: Mbawakawa Warukao na Miche Inayotobolewa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinamhusu mdudu mmoja, au tuseme ukoo mmoja wa wadudu: wale mbawakawa wadogo, weusi au wenye mng'ao wa shaba na buluu, ambao wakiguswa huruka ghafla kama viroboto na kupotea kwenye udongo. Katika safu hii tutawaita mbawakawa-kiroboto. Kwa kuwa maswali yanakaribiana, tumeyapanga ili jibu moja lisaidie kulielewa linalofuata, na barua chache tumezifupisha bila kugeuza maana yake.

Ndugu Mhariri, nilisia mbegu za kabichi na figili moja kwa moja kwenye matuta. Siku chache baada ya kuota, majani yalijaa vitundu vidogo, na baadhi ya miche ikanyauka na kufa. Nimekagua mchana na usiku bila kumwona kiwavi hata mmoja. Ni mdudu gani huyu, na kwa nini ameishambulia miche akaiacha mimea mikubwa iliyo jirani?

Ndugu msomaji, dalili ulizozieleza ni za mbawakawa-kiroboto, na unaweza kujihakikishia mwenyewe bila kifaa chochote. Jua likiwa kali, sogea taratibu kwenye tuta bila kutanguliza kivuli chako, kisha pitisha mkono juu ya miche. Kama ni wao, utaona vidoa vyeusi vikichupa huku na huku. Wengi wao wana urefu wa milimita 1.5 hadi 3 tu. Mapaja ya miguu yao ya nyuma ni manene kwa sababu ndani yake mna kiungo kigumu kinachofanya kazi ya springi, na nguvu ya springi hiyo humrusha mdudu umbali unaozidi urefu wa mwili wake mara nyingi. Ndiyo maana hukumwona mlaji: alikwisha kuondoka kabla hujainama.

Matundu yenyewe nayo yanasema mengi. Ni madogo, ya mviringo, na jani lililoshambuliwa sana huonekana kana kwamba limechomwachomwa kwa sindano. Mara nyingi mdudu hutafuna kijishimo kwenye uso wa jani bila kupenya upande wa pili. Ngozi nyembamba inayobaki hukauka na kudondoka baadaye, kwa hiyo tundu unaloliona leo laweza kuwa kazi ya siku zilizopita. Viwavi wa kabichi, kwa upande wao, huacha matundu au madirisha yasiyo na umbo maalumu pamoja na kinyesi, na konokono huacha matundu makubwa na ute unaong'aa. Ukikosa kinyesi na ute, na ukakuta vitundu vingi vya ukubwa unaofanana, huna haja ya kuendelea kumtafuta kiwavi.

Ama kuhusu miche kushambuliwa na mimea mikubwa kusalimika, ukweli ni kwamba yote huliwa, ila haiumii sawa. Mmea mkubwa ukipoteza sehemu ndogo ya majani yake huendelea kukua bila tofauti inayoonekana wakati wa mavuno. Mche ulioota juzi una majani mawili tu ya mwanzo na mizizi michache. Ukipoteza robo ya majani hayo, umepoteza robo ya uwezo wake wote wa kujitengenezea chakula, na kila kidonda ni mlango wa maji kutokea, katika siku zile zile za jua na ukavu ambazo mdudu huyu hula kwa bidii zaidi. Hali huwa mbaya zaidi anaposhambulia kikonyo cha mche au sehemu changa ya katikati inayochipua majani mapya, maana hapo mche hauna pa kuanzia upya.

Kuna jambo jingine linalowaleta wengi kwa mara moja. Mimea ya jamii ya kabichi hujikinga kwa kemikali ziitwazo glukosinolati, ambazo ndizo zinazoipa haradali na figili ukali wake. Ukali huo huwafukuza wadudu wengi, lakini mbawakawa-kiroboto wa jenasi (yaani kundi la spishi zilizo ndugu) ya Phyllotreta huufuata ili kuupata mmea, na madume wakishaanza kula hutoa harufu inayowaita wenzao. Tuta lililokuwa salama asubuhi laweza kujaa wadudu kufikia jioni bila wewe kukosea lolote siku hiyo.

Jambo ambalo ningependa lishikwe kuliko yote katika safu hii ni kwamba mapambano na mdudu huyu huamuliwa katika kipindi kifupi, tangu mche unapochomoza hadi unapopata majani halisi manne au matano. Juhudi, fedha na uangalizi wako vielekezwe hapo. Lainisha udongo vizuri, usifukie mbegu kwa kina kirefu, na umwagilie kwa utaratibu ili mche uvuke haraka kipindi hicho. Mche uliodumaa kwa ukavu hubaki katika hatari kwa muda mrefu. Kumwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani mchana wa joto pia huwasumbua wadudu hawa, kwa kuwa hupenda majani makavu yenye jua. Kama unasia moja kwa moja shambani, weka mbegu nyingi kidogo kuliko unavyohitaji, kisha punguza miche baada ya hatari kupita. Kwa kabichi, ambayo huvumilia kuhamishwa, ushauri wangu ni kukuza miche kitaluni chini ya neti na kuipandikiza ikiwa na nguvu. Figili haipandikiziki vizuri, kwa hiyo hiyo ndiyo uifunike kwa neti palepale ilipo.

Mtaalamu, nilifuata ushauri wa kufunika matuta kwa neti mara tu baada ya kupanda, lakini wadudu walionekana ndani ya neti na walikuwa wengi kuliko nje. Je, neti hazifai?

Neti zinafaa, tena kwa bustani ndogo sioni kinga iliyo bora kuliko hiyo. Kilichotokea kwako kinaelezeka tukifuata maisha ya mdudu mwenyewe. Jike hutaga mayai kwenye udongo karibu na shina la mmea anaoula. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, kisha mabuu meupe na membamba huishi ardhini wakila mizizi kwa wiki kadhaa, hugeuka kuwa pupa humo humo, na hatimaye mbawakawa kamili hutoka juu. Mzunguko wote huchukua takriban wiki sita hadi nane, kutegemea joto. Sasa, kama msimu uliotangulia tuta hilo lilikuwa na kabichi, haradali, figili au zao lolote la jamii hiyo, pupa walikuwa tayari ardhini uliposia mbegu. Neti yako iliwazuia wa nje wasiingie, lakini iliwafungia ndani waliotoka udongoni, wakapewa miche michanga isiyo na mpinzani.

Kwa hiyo neti na mzunguko wa mazao havitenganishwi. Funika tuta ambalo msimu uliopita lilikuwa na jamii nyingine kabisa, kwa mfano kunde, vitunguu au mahindi. Chagua neti yenye matundu yasiyozidi milimita 0.8, kwa sababu ile yenye matundu makubwa zaidi, inayowazuia nondo na nzi wa mizizi, huwapitisha mbawakawa hawa bila shida. Ifunike siku ile ile ya kusia, wala usingoje miche ichomoze, na ufukie kingo zake zote kwa udongo, maana kona moja iliyoinuka inatosha kuharibu kazi yote. Tazama pia joto chini ya neti, na ulegeze nafasi ili majani yasiigandie, kwani mdudu anaweza kutafuna jani linalogusana na neti akiwa nje. Mboga za majani zinaweza kukaa ndani ya neti hadi mavuno. Mazao yanayohitaji nyuki ili yazae, kama matango na maboga, lazima yafunuliwe yanapoanza kutoa maua.

Mzunguko wa mazao peke yake, bila neti, una nguvu ndogo kuliko inavyodaiwa mara nyingi. Mbawakawa hawa huruka pia kwa mbawa, na katika bustani ambayo tuta la mwaka huu liko hatua kumi tu kutoka lile la mwaka jana, watalifikia bila taabu. Mzunguko huondoa wale wanaotoka chini ya miche yako, lakini hauwezi kuwazuia wanaotoka ng'ambo ya kijia. Ndiyo sababu usafi wa kingo za bustani una maana: magugu ya jamii ya kabichi, kama haradali mwitu, huwalisha wadudu kabla hujapanda chochote, na mnavu hufanya hivyo hivyo kwa wale wanaoshambulia bilinganya na viazi. Mabaki ya mazao nayo yasiachwe yakichipua upya shambani baada ya mavuno. Kisiki cha kabichi kinachotoa vichipukizi ni malisho ya kizazi kinachofuata.

Ndugu Mhariri, nimenyunyiza dawa ya wadudu mara kadhaa. Kila mara wadudu hupungua, kisha baada ya siku mbili hurudi kama walivyokuwa. Je, niongeze kipimo? Wengine wamenishauri jivu na maji ya sabuni. Pia kuna dawa ya bakteria niliyoitumia kwa viwavi ikafanya kazi vizuri. Je, nayo itafaa?

Kipimo usikiongeze hata kidogo. Kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko ndicho kilichopimwa kwa usalama wako, wa mlaji na wa udongo, na ukikizidisha hutawafikia wadudu ambao hawapo kwenye jani unaponyunyiza. Wale unaowaona baada ya siku mbili kwa kawaida si waliofufuka. Ni wageni walioruka kutoka mashamba na magugu ya jirani, au ni waliotoka udongoni baada ya dawa kukauka. Dawa nyingi za kunyunyiza huua kwa kugusa, na nguvu yake hupungua upesi kwa jua na mvua, nao mche unaokua hutoa kila siku jani jipya lisilo na dawa.

Inawezekana pia kwamba wadudu wamekuwa sugu. Barani Ulaya, mbawakawa-kiroboto wa shina la kabichi, aitwaye Psylliodes chrysocephala, hushambulia rapa, zao linalolimwa kwa ajili ya mafuta ya mbegu zake. Kwa miaka mingi wakulima walitegemea mbegu zilizopakwa viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi kwa dawa tatu za kundi hilo kwa sababu ya hatari yake kwa nyuki, na mwaka 2018 ukapiga marufuku matumizi yake yote nje ya vitalu vilivyofungwa. Wakulima wakahamia kwenye kunyunyiza pareto za viwandani, yaani pirethroidi, tena na tena, na usugu ambao ulikuwa umekwisha kuonekana Ujerumani ukagunduliwa nchini Uingereza pia. Kati ya mwaka 2012 na 2021 eneo linalolimwa rapa nchini Uingereza lilipungua kwa zaidi ya nusu, na mdudu huyu ni miongoni mwa sababu kuu. Nakuletea habari hiyo kwa undani kwa sababu wakulima wale hawakuwa wazembe; walikuwa na mashine, wataalamu na mitaji, lakini walibaki na kundi moja la dawa, na kundi moja la dawa linalorudiwa huwachuja wadudu hadi wabaki wale lisiowaua.

Kabla ya kunyunyiza chochote, pima. Chagua miche katika sehemu mbalimbali za shamba, pamoja na kingo, maana uvamizi mara nyingi huanzia pembeni, kisha kadiria ni sehemu gani ya eneo la majani imeliwa. Nchini Kanada, ambako kanola, aina ya rapa, hulimwa kwa eneo kubwa sana na ambako Phyllotreta cruciferae na Phyllotreta striolata ni wadudu wakuu wa miche, wakulima hushauriwa kuchukua hatua wastani wa uharibifu unapofikia asilimia 25 ya eneo la majani ya mwanzo huku wadudu wakiwa bado wanakula. Kiwango hicho kiliwekwa chini ya asilimia 50, ambapo hasara huwa dhahiri, kwa sababu siku ya joto na jua inaweza kukuvusha kutoka kimoja hadi kingine kabla hujaandaa pampu. Kwa mboga ambazo jani lenyewe ndilo bidhaa, huenda usiweze kuvumilia kiasi hicho, lakini kanuni ya kupima kwanza inabaki ile ile. Mitego ya njano yenye gundi, ikiwekwa usawa wa miche, husaidia kujua wadudu wameanza kufika lini, ingawa haitoshi kuwamaliza.

Ikiwa ni lazima kunyunyiza, zipo dawa zinazotokana na spinosadi (kiuatilifu kinachotengenezwa kwa bakteria wa udongoni), pareto ya asili na mwarobaini ambazo hutumika dhidi ya mbawakawa hawa. Pareto huangusha haraka lakini huvunjika upesi kwenye jua. Mwarobaini hufanya kazi polepole, na zaidi hupunguza hamu ya kula kuliko kuua, kwa hiyo unafaa wadudu wakiwa wachache bado. Spinosadi ina nguvu zaidi, lakini kabla haijakauka ni hatari kwa nyuki, kwa hiyo inyunyizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi, wala isinyunyizwe kwenye mimea yenye maua. Dawa yoyote iwe imesajiliwa kwa zao husika katika nchi yako, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe, hasa kwa mboga za majani zinazochumwa kila wiki.

Ile dawa ya bakteria uliyoitumia kwa viwavi, bila shaka ni Bacillus thuringiensis ya aina inayolenga viwavi wa vipepeo na nondo. Sumu yake hufanya kazi ndani ya utumbo wa viwavi hao, na mbawakawa-kiroboto hawaguswi nayo. Maji ya sabuni huua wale tu waliolowa, na mdudu anayeruka pindi pampu inapokaribia halowi kwa urahisi. Yakiwa makali huunguza miche. Jivu husaidia kwa muda kwa kuwa mdudu hapendi jani lenye vumbi, lakini mvua au umwagiliaji mmoja hulisafisha, na likirudiwa mara kwa mara kwa wingi huongeza ualkali wa udongo. Unga laini wa kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, uliochanganywa na maji na kunyunyizwa ukaacha utando mweupe kwenye jani, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo na hudumu zaidi. Unapaswa kupakwa kabla wadudu hawajazoea shamba.

Nilizungushia haradali kwenye kabichi zangu ili iwe mtego. Haradali ililiwa, kisha kabichi nazo zikaliwa. Nilikosea wapi?

Wazo lako ni sahihi, na bila shaka kilichokosekana ni wakati na hatua ya pili. Zao la mtego lazima litangulie, angalau kwa wiki mbili, ili kabichi zinapopandwa mtego uwe mkubwa, wenye harufu kali na unaovutia kuliko miche. Haradali, figili na mboga ya majani iitwayo roketi huvutia sana. Hatua ya pili, inayosahauliwa mara nyingi, ni kuwaangamiza wadudu wakiwa wamekusanyika pale, ama kwa kunyunyiza mtego pekee kabla haujatoa maua, ama kwa kuwanyonya kwa kifaa cha kufyonza vumbi kinachobebeka, ama kwa kung'oa mtego asubuhi na mapema wadudu wakiwa wazito kwa baridi na kuuingiza moja kwa moja kwenye mfuko uliofungwa. Mtego ulioachwa bila kuguswa huwalisha wadudu, huwapa mahali pa kutagia, kisha huwatuma kwa jirani unapozeeka.

Njia iliyo tofauti na mtego ni kuchanganya mazao. Mwaka 1973 mwanaikolojia Richard Root alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika jimbo la New York, Marekani, akilinganisha koladi, ambayo ni ndugu wa sukuma wiki, zilizopandwa zenyewe kwa wingi na zile zilizopandwa kwa mstari mmoja katikati ya uoto wa mchanganyiko. Phyllotreta cruciferae walikuwa wengi zaidi kwenye zile zilizopandwa zenyewe. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba mdudu anayekula jamii moja tu ya mimea hulipata kwa urahisi eneo lililojaa chakula chake, na akishafika hana sababu ya kuondoka. Kwa bustani ya nyumbani, hii ni hoja nzuri ya kupanda mistari ya vitunguu au maharage kati ya mistari ya kabichi, mradi mimea jirani isiinyime miche jua.

Bilinganya zangu hubaki na majani yaliyotobolewa msimu mzima, ilhali nyanya zilizo karibu huonekana nzima. Je, ni mbawakawa wale wale wa kabichi? Na je, viazi mviringo viko hatarini?

Si wale wale. Wanaoshambulia bilinganya, nyanya, viazi mviringo na tumbaku ni wa jenasi ya Epitrix, na kabichi haziwahusu, kama vile Phyllotreta asivyoihusu bilinganya. Hii ni habari njema kwa anayepanga mzunguko wa mazao, kwa sababu kuhamia jamii nyingine kunamnyima mdudu chakula kabisa.

Bilinganya hupendwa mno nao na, tofauti na kabichi, hubaki dhaifu kwa muda mrefu. Pandikiza miche mikubwa, ifunike kwa neti tangu siku ya kwanza, na uifunue maua yanapoanza. Kufikia hapo mmea ulioshika vizuri huweza kubeba matundu mengi bila kupunguza matunda kwa kiasi kikubwa. Nyanya huliwa zaidi zikiwa changa na huponyoka mapema, kwa hiyo usizinyunyizie dawa kwa sababu tu bilinganya zilizo jirani zimetoboka.

Kwa viazi, angalia chini ya udongo. Mmea wa kiazi huvumilia kupoteza majani mengi, lakini kuna spishi ambazo mabuu yake hutoboa viazi vyenyewe au kuchora mifereji juu ya ganda. Epitrix tuberis wa magharibi mwa Amerika Kaskazini anajulikana kwa hilo, na uharibifu wa namna hiyo ulipoonekana kwenye viazi nchini Ureno, Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2012 masharti ya kuzuia mbawakawa hao wasienee, yakiwemo ya kuondoa udongo kwenye viazi vinavyosafirishwa. Kwa mkulima, somo la moja kwa moja ni kutoingiza shambani mbegu za viazi zenye udongo kutoka mahali usipopajua, na kukata ganda la viazi vichache wakati wa kuvuna ili kuona kama kuna vijifereji vyembamba vya kahawia.

Nimesoma kwamba wadudu hawa hueneza magonjwa. Je, ni kweli, au ni woga tu?

Ni kweli kwa baadhi ya mazao, na hapo hesabu zote za uvumilivu nilizozieleza hubadilika, kwa kuwa mdudu mmoja aliyebeba ugonjwa anaweza kufanya madhara ambayo mamia ya matundu hayafanyi.

Kwenye bamia, mbawakawa wa jenasi ya Podagrica, wanaojulikana sana Afrika Magharibi, hutoboa majani na pia hueneza virusi vya batobato ya bamia. Kwenye mpunga, virusi vya umanjano, ambavyo viliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966 na ambavyo hupatikana Afrika na visiwa vya karibu, huenezwa na mbawakawa kadhaa, akiwemo mbawakawa-kiroboto Chaetocnema pulla; virusi hivyo husambaa pia kwa mikono, zana na mimea inayogusana, kwa hiyo kuua wadudu peke yake hakutoshi, na aina za mpunga zinazostahimili, pamoja na kung'oa mimea iliyougua na machipukizi ya msimu uliopita, ndizo nguzo za kinga. Kwenye mahindi ya Amerika Kaskazini, Chaetocnema pulicaria hubeba tumboni bakteria wanaosababisha mnyauko wa Stewart, na bakteria hao hupita majira ya baridi ndani ya mdudu. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa huko hujumlisha wastani wa joto wa Desemba, Januari na Februari ili kutabiri ukubwa wa tatizo: majira ya baridi yakiwa ya uvuguvugu, wadudu wengi hubaki hai na ugonjwa huongezeka.

Kabichi na figili hazimo katika orodha hiyo kwa uzito wa namna hii. Huko tatizo kubwa ni majani kuliwa, na mkulima hana haja ya kumwogopa kila mdudu mmoja mmoja.

Je, ni salama kula mboga zenye matundu ya mdudu huyu?

Ni salama. Matundu hayaachi sumu kwenye jani. Ondoa majani yaliyokauka, osha vizuri, na kama umenyunyiza dawa, hakikisha siku za kusubiri zimetimia. Figili na mazao mengine ya mizizi yakague pia mizizi yake, maana mabuu huweza kuyachorachora juu. Kwangua sehemu hiyo, kilichobaki kinaliwa.

Mhariri, kama mdudu huyu ana madhara yote hayo, kwa nini asitokomezwe moja kwa moja?

Ukoo wa mbawakawa-kiroboto una maelfu ya spishi, na zinazosumbua wakulima ni chache mno. Nyingi hula mimea ya porini ambayo hatuilimi, na kadhaa zimeajiriwa makusudi kupambana na magugu. Mwaka 1964 Marekani ilianza kumwachia Agasicles hygrophila, aliyeletwa kutoka Amerika Kusini, ili ale gugu la majini liitwalo Alternanthera philoxeroides lililokuwa likiziba mifereji na mito, na katika maeneo yenye joto alilipunguza kwa kiasi kikubwa. Spishi za jenasi ya Aphthona zimetumika Amerika Kaskazini dhidi ya gugu la Euphorbia linaloharibu malisho ya ng'ombe, ambapo mbawakawa hula majani na mabuu humaliza mizizi. Kabla ya kuachiwa, wadudu hao hujaribiwa kwa mimea mingi ya mazao ili kuhakikisha kwamba hawatageukia chakula kingine. Ukimwona bustanini mbawakawa anayeruka, mtazame kwanza yuko kwenye mmea gani. Akiwa kwenye gugu lisilo na undugu na mazao yako, mwache aendelee kula.